Mjadala: Je, mwenye kompyuta nyumbani abebeshwe jukumu la kubana umeme?

Ndugu zangu, hapa zimegongana hoja mbili. Wapo wanaotaka kila mwenye kompyuta nyumbani arekebishe mipangilio yake ili taifa liokoe umeme, na wapo wanaojibu kwamba huko ni kumtwisha mwananchi mzigo usio wake, kwa kuwa mgao wa umeme haukuletwa na kompyuta. Hawa wa pili nakubaliana nao kuhusu taifa. Kuhusu LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya mtu mmoja mmoja, sikubaliani nao hata kidogo.

Tufanye hesabu. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inaweza kula wati 60 hivi hata ikiwa haifanyi kazi yoyote. Ikiachwa inawaka kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano usiku, inakaribia yuniti moja kwa siku, sawa na yuniti 29 kwa mwezi. Kwa Tanzania, mteja mdogo wa nyumbani ambaye hazidishi yuniti 75 kwa mwezi hulipa bei nafuu sana kuliko mteja wa kawaida, kwa hiyo mashine iliyosahauliwa mezani inaweza kummalizia zaidi ya theluthi moja ya nafasi hiyo kabla hajawasha friji wala pasi. Ikipangiwa kulala (Sleep) baada ya dakika 10 bila kutumiwa, hutumia wati chache mno. Mwenye kompyuta mpakato hana sababu ya kuhangaika kiasi hicho. Apunguze mwanga wa skrini, inatosha.

Zile picha zinazochezacheza kwenye skrini, ambazo wengi hudhani zinaokoa umeme, haziokoi chochote, maana taa ya skrini inaendelea kuwaka nyuma yake.

Pingamizi ninalolipa uzito ni la wanaosema kwamba kompyuta ya mezani iliyolala, umeme ukikatika ghafla, inaweza kupoteza kila kilichokuwa hakijahifadhiwa. Ni kweli, na kwetu umeme hukatika bila kubisha hodi. Dawa yake ipo: kompyuta iandike kila kilichofunguliwa kwenye diski, kisha ijizime kabisa (Hibernate). Kwenye Windows, hata hivyo, chaguo hilo mara nyingi halionekani kwenye menyu ya kuzimia mpaka mtumiaji aingie kwenye mipangilio ya nishati na kuliruhusu mwenyewe. Mzazi aliyemnunulia mwanawe kompyuta ya kusomea atalijulia wapi?

Kwa sababu hiyo, jukumu hili nalipeleka kwa muuzaji, hasa wa kompyuta zilizotumika, ambazo huenda zilipangiwa zisilale kamwe huko ofisini zilikotoka. Wakati anaweka programu upya, kuweka na mipangilio hii ni kazi ya dakika chache. Anayeona ni uonevu kwa mfanyabiashara atueleze gharama yake ni ipi.