Jeraha la uti wa mgongo T5: mbegu zinapatikanaje kabla ya kufikiria kisu?

Fizio_Kiboriloni
Wakuu, habari za jioni. Nauliza kwa ajili ya wanandoa hapa Moshi. Mume aliumia uti wa mgongo usawa wa T5, yaani pingili ya tano ya kifua, mwaka wa pili sasa. Uume unasimama akiguswa, ila mbegu hazitoki kabisa. Mtaani wameshamwita mgumba, na wengine wanamshauri akatolewe mbegu kwenye korodani kwa upasuaji. Hakuna njia ya kuanzia kabla ya hapo? Mpira wa mkojo anakaa nao muda wote.

YuroArusha
Mkuu, kutomwaga si ugumba. Korodani zake zinaendelea kutengeneza mbegu. Kilichokatika ni mawasiliano kati ya ubongo na sehemu za chini. Neva zinazosukuma mbegu zinatoka T11 (kifua, chini) hadi L2 (kiuno) na S2 hadi S4 (chini ya kiuno). Jeraha likiwa T10 kwenda juu, mara nyingi mzunguko huo uko mzima na unaweza kuamshwa kwa kifaa cha mtetemo kinachowekwa kwenye uume. Katika kundi hilo wanaume takribani 8 kati ya 10 wanapata mbegu. Chini ya T10 nafasi inashuka sana. Dalili njema ni hii: daktari akibana kichwa cha uume, misuli ya mkundu inajikaza yenyewe.

Kifaa ndicho kinachowaangusha wengi. Kinatakiwa kitetemeke mara 100 kwa sekunde, na kila mtetemo uende na kurudi kwa upana wa milimita 2.5. Mashine nyingi za kukandia mgongo hazifikii mwendo huo, mtu anajaribu mara mbili anakata tamaa bure. Toa mkojo wote kwanza. Kifaa kinawekwa upande wa chini wa kichwa cha uume, pale kwenye kile kikamba cha ngozi, dakika 2 hadi 3, kisha mapumziko ya dakika 1 au 2, halafu mnarudia. Tumbo na mapaja yakianza kukaza, mbegu ziko karibu. Kila mapumziko kagua ngozi, kwani akichubuka hatasikia.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penye hatari. Jeraha la T6 kwenda juu, na huyu ni T5, mtetemo unaweza kurusha presha ghafla hadi mtu akapata kiharusi. Presha yake ya kawaida huenda ni 90 au 100 ya juu tu, kwa hiyo 140 kwake tayari ni kubwa. Ndiyo maana mara ya kwanza isifanyike nyumbani kamwe. Presha ipimwe kila baada ya dakika chache. Kichwa kikigonga, uso ukiwa mwekundu au jasho likitoka juu ya jeraha: zima kifaa, mkalishe wima, legeza nguo, hakikisha kibofu kitupu. Daktari anaweza kumpa nifedipini, dawa ya kushusha presha, dakika kama 15 kabla ya kuanza, asijinunulie. Moshi mnayo idara ya yurolojia (magonjwa ya njia ya mkojo na uzazi wa kiume) katika hospitali ya KCMC, anzieni pale.

Mtetemo ukishindikana, hatua inayofuata ni kuamsha neva kwa umeme kupitia njia ya haja kubwa, kazi ya hospitali. Upasuaji wa korodani ni wa mwisho, maana mbegu zake ni chache na zinahitaji upandikizaji wa maabara wa gharama kubwa.

MezaYaMaabara
Naongezea upande wa sampuli. Msishtuke ikiwa na rangi ya kahawia. Hutokea sana kwa jeraha hili. Idadi ya mbegu huwa nzuri, kasoro ni kwamba nyingi hazitembei. Tibuni maambukizi ya mkojo kabla. Kikombe kiwe kikavu cha maabara, si kondomu ya kawaida wala mafuta ya kulainisha, vyote vinaua mbegu. Kiwekwe karibu na mwili, kifike ndani ya saa moja.

Kama mwili umekaza lakini hakuna kilichotoka, huenda mbegu zimerudi kibofuni. Zinatafutwa kwenye mkojo, ila mkojo mchachu unaziua, hivyo daktari huupunguza uchachu mapema kwa sodiamu baikaboneti. Tafadhali, si yale magadi ya makande!

Mbegu zinazotembea zikitosha na mirija ya mke iko wazi, wanaweza kuziingiza ukeni wenyewe nyumbani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, siku za hatari. Zikiwa chache, zisafishwe na kupandikizwa kwenye kizazi.

Nesi_Ngarenaro
Mke apimwe sambamba, asisubiri. Na mume asichome testosteroni, homoni ya kiume, kwa kudhani itaongeza mbegu. Inazima kabisa utengenezaji wake. Sildenafili (Viagra) inasimamisha uume tu, haitoi mbegu.

Fizio_Kiboriloni
Asanteni sana. Na huo mpira?

YuroArusha
Kama umepitia kwenye uume, unatolewa kabla ya mtetemo. Ukipitia tumboni hauna shida, ila mfuko uwe mtupu. Lakini ukikaa muda wote kwenye uume unaleta maambukizi ya tezi dume na mirija ya mbegu, na hayo huziba njia. Waulize kliniki kama anaweza kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kila baada ya saa 4 hadi 6. Mikono ya mtu wa T5 inafanya kazi, ataweza.