Bibi na babu mliodumu, hebu tupeane uzoefu: wajukuu wanawaonaje?

Bibi wa Saba

Hamjambo humu. Mimi huwa msomaji tu, leo nimechokozwa.

Mjukuu wangu wa tano, hajafikisha miaka mitano, alikuwa amekaa sakafuni ananitazama nikimfunga babu yake vifungo vya shati. Vidole vya babu siku hizi havielewani na vifungo. Akatutazama weee, kisha akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki mwenyewe asikie: "Bibi, kwani babu hana kwao?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema shangazi akija anarudi kwao, mjomba akija anarudi kwao, yeye mwenyewe likizo ikiisha anarudishwa kwao. Babu tu ndiye haondoki. "Kila nikija namkuta."

Babu yake alikuwa amesikia yote. Akajibu bila kuinua kichwa: "Nilikuja mwaka 1982, nikasahau kurudi."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Usiku ndipo nikakosa usingizi, maana huyo mtoto kagusa mahali. Kuna miaka ambayo mmoja wetu angeondoka na hakuna mtu angeshangaa. Mwaka wa tisa ndio ulikuwa mbaya. Hata ugomvi hatukuwa nao, tulinyamaza tu. Tulipokezana watoto kama walinzi wa zamu, huyu anaingia yule anatoka.

Kilichotutoa huko ni homa. Mtoto wetu wa pili aliugua siku kumi na moja, tukawa tunakesha kwa zamu. Ikafika siku, zamu yangu ikaja, mwenzangu asiniamshe. Na kesho yake tena asiniamshe. Asubuhi ya pili nikamkuta amesinzia kwenye kiti, kitambaa cha maji bado kiko mkononi kinamdondokea magotini. Hajawahi kulitaja, nami sijawahi kulitaja. Nalitaja leo, tena kwa watu nisiowajua.

Wenye wajukuu semeni, wanaona nini ambacho sisi tumeshazoea? Na mliodumu, mlidumu kwa kitu gani hasa? Msiniletee "uvumilivu", hilo nalisoma kwenye kadi za harusi.

Kijana Mdadisi

Shikamoo bibi. Hiyo "nikasahau kurudi" naiiba.

Bibi wa Saba

Marahaba mjukuu wangu. Iba, ila usiitumie kama umeoa mwezi uliopita.

Mama Zamu

Sisi ndiyo kwanza mwaka wa saba na walinzi wa zamu tumeshakuwa. Nimesoma hapo nikafunga simu kwanza, nikapumua, nikarudi.

Babu Mkoromaji

Miaka 38. Siri ni vyumba viwili. Nakoroma, sikatai. Mwaka wa 20 mwenzangu alibeba mto wake akahamia chumba cha pili, na tangu siku hiyo anaamka anacheka. Wajukuu wanaamini ukizeeka unapewa chumba chako kama tuzo.

Hatuhami

Mzee wangu, kwa heshima zote, usipotoshe watu. Chumba cha pili ndiyo mlango wa nyumba ya pili.

Babu Mkoromaji

Una miaka mingapi ya ndoa, mwanangu?

Hatuhami

Miwili.

Babu Mkoromaji

Haya. Tuonane mwaka wa 20.

Asiye na Babu

Nitasema ambalo halitapendwa. Mimi ni bibi wa wajukuu watatu na niliachana na babu yao baada ya miaka 29. Nawaomba kudumu msikufanye nishani. Mama yangu mzazi alidumu 51. Siku ya kutimiza 50, ile wanayoiita ya dhahabu, tulimpamba, tukamweka katikati, tukapiga picha. Ukizitazama leo, hakuna hata moja ambayo anamtazama baba. Alidumu, ndiyo. Hata jiwe la mtoni linadumu.

Wajukuu wangu wana mswaki kwangu na mswaki kwa babu yao. Hawajawahi kuniuliza nani hana kwao.

Hatuhami

Dada, mada ni ya waliodumu.

Asiye na Babu

Mada ni wajukuu wanaona nini. Soma tena, taratibu.

Bibi wa Saba

Mwacheni aseme, nami nilimwita kwa kuuliza. Dada, hilo jiwe limenikaa kifuani.

Msomi wa Usiku

Naona dada ana hoja. Kuna uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza 1938, wakawafuata watu tangu ujanani hadi uzeeni. Waliokuwa wameridhika na watu wao wa karibu walipofika miaka 50 ndio walioonekana wazima zaidi walipofika 80, na hilo lilitabiri afya yao kuliko kiwango cha lehemu kwenye damu. Neno ni kuridhika. Hawakusema aliyekaa miaka mingi ndiye mshindi.

Babu Mkoromaji

Mimi nimeridhika. Chumbani kwangu.

Mkwe Mpya

Naomba msaada hapahapa kwa kuwa mabibi wamejaa. Mama mkwe wangu nampenda, ndoa yake ni ya kupigiwa mfano, baba hamkatizi hata sentensi. Tatizo moja. Juzi natoka kuoga namkuta anamnywesha mwanangu maji kwa kijiko. Mtoto ana miezi mitatu. Namtazama, ananiambia, "Ana kiu huyu, mtazame midomo." Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Bibi Mzoefu

Nimelea watano kwa kijiko hichohicho. Wote wana ndevu sasa, mmoja mpaka kipara.

Muuguzi Mstaafu

Bi mkubwa, shikamoo, lakini hapa hapana. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Tumbo lenyewe dogo, likijaa maji mtoto hanyonyi anavyotakiwa. Na akinyweshwa mengi, chumvi ya mwilini inashuka mpaka anaweza kupata degedege. Kiu yake dawa yake ni ziwa. Mimi mwenyewe ni bibi, na wanangu niliwalaza kifudifudi kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Leo mtoto analazwa chali.

Bibi Mzoefu

Kila mkikaa miaka kumi mnageuza, halafu tulioshika ya zamani mnatuita washamba.

Muuguzi Mstaafu

Nani kakuita mshamba? Nionyeshe mstari.

Bibi Mzoefu

Umeniita kwa sauti, si kwa mstari.

Msomi wa Usiku

Tusigombane, bibi ana kazi yake duniani. Mtazameni orca, yule nyangumi mweusi na mweupe. Majike huacha kuzaa wakiwa na miaka kama 40 na bado wanaweza kuishi miongo kadhaa, wakiongoza kundi kutafuta samaki. Ndama wenye bibi aliye hai wana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, hasa samaki wakiadimika.

Mkwe Mpya

Orca hana kijiko.

Mama Zamu

😂😂 Mwambie mumeo aseme na mama yake. Wewe usitie neno.

Asiye na Babu

Usimtume mume hata kidogo. Ukimtuma, kwa mama yake wewe ndiye utakuwa mkwe aliyemtumia mtoto wake kumsema. Nenda mwenyewe, mwambie, "Mama, nisaidie, kliniki wamenikataza na mimi peke yangu siwezi kumlinda."

Babu Mkoromaji

Ficha vijiko.

Nyanya wa Pacha

Mmetaja kijiko na maji mkanikumbusha betri. Nilisema sitaisimulia popote, ila ngoja.

Wajukuu wangu pacha walikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Wazazi wao walituachia usiku mmoja tu. Mume wangu sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto lina mashine, na mashine inakula betri ndogo za duara, mfano wa kidonge. Zinakuja na kibandiko cha rangi ya machungwa. Ukikibandua, hewa inaingia, betri inaanza kazi. Yeye ana utaratibu wake: anabandua, anaiweka mezani ipate hewa dakika chache, ndipo anaivalisha. Kila wiki hivyohivyo.

Jioni ile nilikuwa chumba cha pili namwita. Kimya. Namwita tena. Kimya. Mara ya tatu nikaja mwenyewe nimefura, nikamgusa bega, akageuka. Nikaanza kusema shida yangu kwa ishara na midomo, maana mashine haina betri. Haikufika hata dakika. Aliporudi kutazama mezani, kibandiko kipo, betri haipo.

Na pacha wako pale chini ya meza. Wawili. Wote wamefumba midomo. Wote wananitazama vilevile.

Nilipanua kinywa cha huyu, nikapanua cha yule. Nikapapasa mkeka, nikatikisa nguo, nikainua kila kitu. Hapo ndipo nikamgeukia mume wangu nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia kwa miaka 41: "Hata hili umeshindwa?" Hakuwa na mashine. Lakini alikuwa ananitazama midomo.

Hospitali tulikwenda na wote wawili, ungejuaje? Wakapigwa picha wote wawili. Wa kwanza mweupe, hana kitu. Wa pili, nukta moja duara, iko tumboni. Daktari akatueleza kuwa afadhali imeshuka. Inayoua ni iliyokwama kooni, hasa zile pana kama sarafu za rimoti na mizani, hizo zinaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Hii ndogo ikishafika tumboni kwa kawaida hupita yenyewe. Tukaambiwa turudi nyumbani, tumwangalie asitapike wala asilalamike tumbo, na tuchunguze kila nepi.

Mume wangu akasema nepi ni zake. Si wazazi, si mimi. Siku mbili na nusu. Anavaa miwani, anawasha tochi, anachukua kijiti, anajifungia bafuni na nepi kama fundi saa. Na mashine hakuivaa. Betri nyingine zilikuwepo, pakiti nzima. Nilipomwonyesha akatikisa kichwa: "Mpaka ile itoke."

Sasa fikirieni. Nina neno la kumwomba msamaha na mwenyewe hasikii. Kuandika nikaona aibu, kama namwandikia barua mwenye nyumba. Siku ya pili jioni nikasimama mbele yake nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: NISAMEHE! Pacha wote wakaangua kilio. Yeye akasema, "Nini?" Nikarudia kwa kelele zilezile. Akasema, "Ya kwanza niliielewa. Nilitaka nyingine."

Siku ya tatu asubuhi nikasikia bafuni: "Tumeipata!" Nilikuwa kitandani. Mimi sikutafuta chochote. Lakini alisema *tumeipata*.

Mama Zamu

Nimekaa kwenye gari nje ya kazini nalia. Nitachelewa.

Kijana Mdadisi

"Nilitaka nyingine." Huyu babu apewe ukumbi afundishe.

Hatuhami

Pole mama. Ila mngempa asali haraka, asali inazuia betri isiunguze.

Bibi Mzoefu

Ahaa! Maji haramu, asali halali. Endeleeni.

Muuguzi Mstaafu

Tulieni nieleze, hili linachanganya watu. Asali ni kwa aliyevuka mwaka mmoja tu, kama kameza betri ndani ya saa 12, hasa zile pana. Anapewa vijiko viwili vidogo kila dakika kumi *mkiwa njiani kwenda hospitali*. Msikae nyumbani mkilamba asali. Haifuti kwenda hospitali, inapunguza tu kuungua. Chini ya mwaka mmoja asali hapana kabisa, inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli. Na msimtapishe mtoto, betri itaunguza tena ikipanda.

Hatuhami

Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Muuguzi Mstaafu

Nusu.

Mkwe Mpya

Samahani kwa swali. Hiyo betri… aliivaa tena?

Nyanya wa Pacha

Hakuivaa! Ila hakuitupa. Ameifungia kwenye kikopo, kikopo kiko juu kabisa ya kabati, hata mimi nahitaji kigoda.

Mgane

Wangu alitangulia ndoa ikiwa na miaka 36. Mjukuu bado ananiuliza bibi karudi. Nimeisoma ile ya juu, ya "hana kwao", mara tatu. Asanteni.

Bibi wa Saba

Pole sana, kaka yangu. Ungetuambia siku moja alivyokuwa. Hatutakuharakisha.

Mgane

Alikuwa anapiga mluzi akifagia. Nitarudi.

Bibi wa Saba

Tutakusubiri.

Wengine, nina taarifa. Leo nimemkalisha babu yenu nikamsomea mada yote toka mwanzo. Kwa Mkoromaji alitikisa kichwa sana, sijui ana mpango gani. Kwa betri akavua miwani akaifuta. Nilipofika pale pa homa, pale niliposema hakuniamsha, akanisimamisha.

"Nilikuamsha."

Nikamwambia hukuniamsha, mimi nakumbuka.

"Nilikuamsha siku zote mbili. Ya kwanza ulinigeuzia mgongo. Ya pili ulinipiga teke la goti. Nikaona bora nikae na mgonjwa."

Miaka 34 nimemtunzia huyu mtu ule wema kifuani, kumbe yeye katunza teke.

Kijana Mdadisi

Kwa hiyo bibi, ndoa iliokolewa na teke?

Bibi wa Saba

Nimemuuliza mbona hakusema. Anasema, "Ulikuwa umeanza kuniangalia vizuri, ningesemaje?"

Hatuhami

Mnaona faida ya kulala chumba kimoja?

Babu Mkoromaji

Goti lake lilikuwa linasema vyumba viwili.