Acheni kutukaririsha orodha ya vitenzi vya Kiingereza bila kutufundisha matumizi yake

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira, na hasira yangu ni kwa wanaofundisha Kiingereza cha ofisini kwa kutugawia karatasi ya maneno hamsini ya kutumia badala ya "said", kana kwamba yote yana maana moja.

Mwezi uliopita niliandika kwa Kiingereza muhtasari wa kikao cha asasi yetu, uliopaswa kwenda kwa mfadhili. Mweka hazina alikuwa ameeleza kwamba stakabadhi zote zipo. Kwa kuwa nilikwishaandika "said" mara tatu, nilitazama karatasi ya kozi nikachagua "claimed", ambalo pembeni yake pameandikwa "kusema, kudai". Siku mbili baadaye mfadhili akapiga simu kuuliza kama tuna shaka na stakabadhi hizo. Hakukosea kuuliza: anayeandika "claimed" hayadhamini maneno anayoyanukuu, kama magazeti yetu yanapoandika kwamba mtu "anadai" kuibiwa. Mama wa watu, ambaye hesabu zake hazikuwa na dosari hata ya shilingi, akalazimika kubeba mafaili yote kwenda kujieleza kwa sababu ya neno langu. Dereva naye, aliyetaja tu siku aliyojaza mafuta, nilimwandikia "admitted", neno la mtu anayekiri jambo ambalo angependa lisijulikane.

Sarufi nayo hatukuambiwa. Katika Kiswahili anayeambiwa hukaa ndani ya kitenzi chenyewe: alinieleza, alinishauri, alinipendekezea. Basi tunaandika "explained me" na "suggested me to go" tukiamini tumepatia, kwa sababu "advised me to go" ni sahihi na hakuna aliyetuonya kwamba "explain" huhitaji "to me", wala kwamba "suggest" hufuatwa na "that I go". "Kukataa" nako kunatutega, maana kwetu mtu hukataa kwenda na hukataa kwamba ameiba, ilhali Kiingereza hutenganisha "refused to go" na "denied stealing".

Nililipa ada kamili ya miezi mitatu. Mwalimu anayenipa neno anipe na sentensi yake, tena aniambie linamwonyeshaje yule ninayemnukuu. Kikao kijacho ni wiki ijayo, na muhtasari wake nitauandika kwa "said" tangu mwanzo hadi mwisho.