Waliowahi kukodi laptopu ya kuchezea gemu, tupeane uzoefu kabla sijatoa hela yangu

Wakuu salama? Nimepata likizo ya wiki 2 na safari hii nataka nikae chini nicheze zile gemu ambazo miaka yote naishia kuziangalia YouTube. Kariakoo used yenye kadi ya picha ya RTX 3050 wananitajia milioni 1 na laki 8. Huku Tabata kuna jamaa anakodisha ya aina hiyo hiyo elfu 25 kwa siku, nimepiga hesabu ni siku 72 ndo nafikia bei ya kununua, na mimi kwa mwaka mzima sifikishi hata siku 40 za kucheza, kuna shifti, kuna mtoto, kuna mama mtoto. Kila ninayemwambia nataka kukodi ananicheka. Waliokodi wanisimulie, wa kucheka nao waje ila waje na hesabu.

Wa Mbagala: Mi nilichukua Ijumaa jioni mpaka Jumapili, nikauliza bei nikasahau kuuliza gemu. Nafika geto nafungua, Windows tupu, na GTA V peke yake inakula zaidi ya GB 100, hapo natumia bando la simu, nikawasha hotspoti usiku kucha, Jumamosi saa 7 mchana iko asilimia 61 bando likakata nikaongeza lingine. Nilikuja kucheza Jumapili masaa kama matatu hivi. Yaani nimelipa elfu 50 kuangalia asilimia zinapanda. Siku hizi nina diski yangu ya nje, gemu natembea nazo, nakodi mashine tu.

Wa Temeke: asilimia 61 😂😂 pole mkuu

Wa Mwanza: Mkuu angalia chaja kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilipewa HP Victus safi kabisa, nacheza FC, ile gemu ya mpira, dakika 20 inaanza kukwama kwama, naangalia betri inashuka na iko kwenye umeme! Nikajua nimeua mashine ya watu, usiku sikulala. Kuja kumuonyesha fundi akageuza chaja akacheka, ni ya wati 65, ya laptopu ya ofisini, tundu ni lile lile ndo maana inaingia. Yake halisi ni lile tofali la wati 150. Moto hautoshi, mashine inapunguza nguvu na bado inakula betri. Na umeme ukikatika usitegemee kuendelea kama kawaida, hizi mashine zikiwa kwenye betri zinakuwa nyingine kabisa.

Mwenye mashine, Kinondoni: Ngoja niongee upande wa pili maana mimi nakodisha, ninazo tatu. Mnalalamika dipoziti ni kubwa, mnatuomba nakala ya NIDA mnanuna, lakini nyie hamjui tunarudishiwa nini. Kuna moja ilirudi ina mafuta ya chipsi kwenye kibodi, W ilikuwa inabonyea hairudi, na W ndo inakufaga kwanza kwa sababu mtu anakimbia nayo masaa kumi. Ingine ilitoka na RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, GB 16 ikarudi na 8, kijana kaifungua kachomoa kijiti kimoja karudishia skrubu vizuri kabisa, nimekuja kugundua baada ya wateja wawili, sasa nimdai nani? Ndo maana siku hizi tunawasha wote pale pale, tunaangalia RAM, diski, kila kitufe, napiga picha na wewe piga. Mteja anayekataa hilo zoezi simpi. Na tafadhali msiweke kitandani, godoro linaziba matundu ya hewa.

Wa Mombasa: Hilo la kitandani ni kweli yakhe, hapa kwetu na hili joto nilikuwa naona digrii 95, feni yavuma kama jenereta. Lakini yangu mimi ni ya akaunti. Nilirejesha laptopu bila kutoka kwenye Steam, ile akaunti ya gemu zangu, siku ya pili rafiki aniuliza mbona wacheza saa hizi na mimi niko kazini. Nilikimbia kwa simu nikatoa vifaa vyote kwenye Steam Guard na kubadili paswedi. Nilikuwa na bahati, huyo mtu alikuwa anacheza tu.

Dada wa Arusha: Mimi niliichukua kwa mwezi, laki 2 na nusu, nikasema mwezi mmoja tu. Ukaisha nikaongeza, ukaisha nikaongeza, miezi 7. Pigeni wenyewe, 1,750,000, na mashine nimerudisha. Hata huko Marekani mwaka 2024 kampuni ya NZXT ilisemwa sana kwa mpango wake wa kukodisha kompyuta za gemu kwa mwezi, unalipa weee na haiwi yako.

Wa Temeke: Sasa dada hiyo hela kwa mkupuo ungeitoa wapi?

Dada wa Arusha: Nisingeitoa. Ndo hapo ninapokwama na mimi.

Wa Mbagala: Mtoa mada we nenda kibanda cha PS, jero jero, unarudi nyumbani mapema.

Mtoa mada: Kibandani nacheza na watoto wa form two wananifunga sita, sirudi tena. Haya wakuu nimetoka kwa jamaa sasa hivi. Nimechukua siku 6, tumekubaliana laki na 20 badala ya laki na nusu. Chaja nimegeuza nikasoma, wati 150, akaniangalia kwa mshangao. RAM 16. Gemu mbili ziko tayari, moja sijawahi hata kuisikia. W inabonyea kidogo kwa upande, nimeipiga picha mara tatu mbele yake. Nafika home nakuta mtoto anaangalia katuni kwenye meza ambayo ndo nilikuwa naitegemea kuiweka.