Bodaboda wa mkataba: kajiajiri au kaajiriwa?

Tabata: Wakuu, kijana anachukua pikipiki ya mtu kwa mkataba. Kila siku anapeleka hesabu, yaani pesa ya mwenye chombo, mwaka na kitu ukiisha chombo kinakuwa chake. Serikali inamwita aliyejiajiri. Mimi naona ana bosi kabisa, ila bosi asiyelipa mshahara. Mnasemaje?

Mbezi: Nina boda tatu barabarani na simpangii mtu saa ya kuamka. Anayetaka kucheza drafti kijiweni hadi saa tano, shauri yake. Mwajiriwa gani huyo? Nyie wa maofisini mnajifanya kuwatetea, ikifika tarehe 20 ndio hao hao mnaowakopa nauli.

Kinondoni: Nani kakopa nauli? Mimi michango yangu ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inaingia, asilimia kumi yangu na kumi ya mwajiri. Boda akivunjika mguu pale Ubungo, nani anamchangia?

Mbezi: Inaingia, au inakatwa? Kachungulie taarifa ya michango yako ndio uje kutamba.

Tabata: Jamani, mada.

Kinondoni: Nimechungulia. Miezi minne haionekani. Lakini hayo ni yangu na mwajiri wangu, wewe hayakuhusu.

Mbezi: 😂😂😂 Tulisema sisi!

Msomi wa Sinza: Mkimaliza kuchekana: Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61 kama sikosei. Ukipewa vitendea kazi na mtu, au unamtegemea kiuchumi, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kigezo kimoja tu kinatosha.

Mbezi: Kwa hiyo nimpe na likizo ya uzazi? Sheria zenu za makaratasi hizo.

Kigamboni: Na wa kwenye programu za simu je? 2022 LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, walisema kamisheni isizidi asilimia 15, Uber wakasimamisha huduma, watu wakabaki na magari ya mkopo uani. Umejiajiri vipi kama mtu akizima mtambo wake na wewe umezimika?

Mbezi: Usichanganye magari na boda.

Mwenge: Mimi ndiye boda mwenyewe. Mkataba ulibaki miezi miwili, masika yakanyesha, hesabu tatu zikalala. Mwenye chombo akaja alfajiri na funguo ya akiba, akaondoka nacho. Kadi ya pikipiki ina jina lake, polisi wakaniambia hawana la kufanya. Karatasi tuliyosaini ilikuwa ya daftari la shule.

Msomi wa Sinza: Ungeenda CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi.

Mwenge: Nauli ya kwenda kila wanapokuita ningetoa wapi? Na nile nini?

Kinondoni: Muulize Mbezi, ana boda tatu.

Mbezi: Sina roho hiyo. Dogo, njoo inboksi, nina Boxer moja imekaa tu.

Mwenge: Hesabu ngapi, bosi?

Mbezi: Elfu kumi na mbili. Jumapili huleti.

Mwenge: Mvua ikinyesha siku nzima?

Mbezi: Njoo kwanza tuongee.