Ibsen alikosea kumrudisha Nora nyumbani?

Mleta mada: Wakuu, kuna ugomvi wa 1880 ambao kila nikiukumbuka najikuta upande wa mtu anayelaumiwa na wote.

Wengi tunaijua tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway, A Doll's House. Waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, miaka ya karibuni waliisoma kwa lazima. Nora alikopa kwa siri ili mumewe mgonjwa apelekwe Italia akapone. Mke hakuruhusiwa kukopa bila idhini ya mume, kwa hiyo akaghushi saini ya baba yake akiwa mdhamini, akaiwekea tarehe 2 Oktoba, na baba mtu alishafariki tangu 29 Septemba! Siri ilipofichuka, mumewe Torvald aliwaza jina lake tu. Nora akamrudishia pete, akatoka, watoto watatu wakabaki. Tunasikia lango la chini likifungwa, basi.

Kitabu kilitoka Copenhagen Desemba 1879, nakala 8,000 zikaisha ndani ya mwezi. Kufika Ujerumani, mwigizaji nyota Hedwig Niemann-Raabe akagoma: yeye asingewaacha wanawe kamwe, kwa hiyo mwisho huo hauigizi. Ibsen akaandika mwingine kwa mkono wake. Torvald anamlazimisha Nora kwenda hadi mlango wa chumba cha watoto, Nora anawaona wamelala, mkoba wa safari unamponyoka. Anasema anaikosea nafsi yake, ila kuwaacha hawezi. Anaishiwa nguvu, anaanguka hapo mlangoni. Pazia.

Mimi namtetea. Kazi ya mtunzi wa Skandinavia haikulindwa kisheria Ujerumani wakati ule, meneja yeyote angempa mtu wake aikatekate. Ibsen alilieleza hilo katika gazeti la Denmark: mwisho ule aliuita ukatili dhidi ya tamthilia, lakini heri aufanye yeye. Nguo itakatwa tu, basi mkasi aushike fundi aliyeishona.

Mchangiaji 1: Sikubali, mkuu. Mkasi wa mwingine ungebeba jina la mwingine. London 1884, Henry Arthur Jones na Henry Herman waliigeuza wakaiita Breaking a Butterfly. Mume anajitwika kosa, mke anabaki, mambo shwari. Nani leo anamdai Ibsen kwa hiyo? Hakuna. Ule wa Ujerumani ndio unaomfuata hadi leo, kwa sababu aliuandika yeye.

Mchangiaji 2: Mbona huyo mwigizaji mnampita kimyakimya? Mimi naigiza, kikundi chetu kidogo tu, na hapo ndipo pananiuma. "Mimi nisingewaacha wanangu." Dada, nani amekuuliza? Anayeondoka ni Nora. Kesho ukipewa Medea, yule mama wa tamthilia ya Kigiriki anayewaua wanawe, utasema hujawahi kuua mtoto? Kazi yetu ni kubeba mtu asiye sisi. Ila kusema kweli, nyota ndiye aliyejaza viti enzi zile, na meneja alijua atamsikiliza nani kati yake na mtunzi aliye mbali.

Mchangiaji 3: Mnasahau kilichofuata. 1881 alitoa Ghosts. Humo Bi. Alving alimkimbia mume mlevi na mzinzi, mchungaji akamrudisha, naye akatii. Miaka mingi baadaye mwanawe anarudi nyumbani na ugonjwa aliorithi kwa baba. Huyo ndiye Nora aliyebaki kwa ajili ya mtoto! Majumba ya maonyesho ya Skandinavia yakaikataa, ikaonyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1882. Safari hii hakubadilisha mwisho. Kwangu mimi hilo ndilo jibu lake kwa Wajerumani, nanyi mnabishania mkoba.

Mchangiaji 1: Hapo kwa Bi. Alving nimekuelewa. Lakini jibu zuri la 1881 halifuti karatasi ya 1880.

Mleta mada: Hoja ya Butterfly imenibana, sitaficha. Hoja ya jina sina pa kuikwepea. Ila rudini kwenye huo mkoba mnaoudharau. Nora yupo sakafuni, ametamka kwa kinywa chake kwamba anaikosea nafsi yake. Torvald anaita "Nora!" kwa furaha, na pazia linashuka. Hakuna kukumbatiana, hakuna msamaha, hakuna mtoto aliyeamka. Waliotaka mwisho mwema waliuziwa huo, na jukwaa zima mwenye furaha ni Torvald peke yake.