Mrefu ndani ya gari la kale: tupeane uzoefu

Twiga wa Shela:
Assalaam aleikum wanajamvi. Leo asubuhi nimeshuka garini pale sokoni mguu wa kulia umekufa ganzi, nikashika nguzo nisianguke. Mzee mmoja wa kahawa akaniuliza, "Mwanangu, u mgonjwa?" Si mgonjwa. Ni Kobe huyu, gari langu. Mimi ni futi 6 na inchi 4, na Volkswagen Beetle ya 1968 aliniachia marehemu baba, siiuzi. Kichwa hakina taabu, paa lake limeinuka kama kuba. Taabu ni magoti. Usukani umekaa baina yake, na kila nikikata kona ya barabara ya Casuarina hapa Malindi sharti nitanue mguu ndipo mkono upite. Pedali nazo zimeota kutoka sakafuni, hazining'inii kama za magari ya siku hizi, kisigino hakijui kitulie wapi. Warefu wenzangu, mlifanyaje?

Bint Maweni:
Wallahi magoti! Mume wangu hivyo hivyo, kila jioni namkanda kwa mafuta ya nazi.

Mwana wa Mokowe:
Kaka Twiga, umenitonesha. Sisi wa Amu magari twayaacha Mokowe, twavuka kwa boti. Langu ni Land Rover Series III, ile fupi. Nyuma ya kiti cha dereva pana ukuta wa bati, kiti kimeegemea hapo, hakirudi hata kidole. Nikauliza, basi kishushwe? Chini yake kuna tangi la petroli. Mbele usukani mpana kama sinia la biriani, waja mpaka kifuani, na kiwiko cha kulia chagonga mlango. Mokowe hadi Malindi ni kama kilomita 220. Mara ya kwanza nilipofika Garsen nilishuka, nikalala chali juu ya mkeka wa muuza maembe robo saa nzima. Yule mama hakuniuliza kitu, aliniletea maji.

Dawa niliyoipata: nilitoa sponji nene ya mgongoni nikaweka nyembamba. Vidole vitatu nilivyovipata hapo vimenipa uhai. Ule ukuta watu huukata, lakini mimi niliogopa mwili wa gari usilegee.

Mpenda 404:
Nunua Peugeot 404, maneno yaishe. Gia iko kwenye shingo ya usukani, sakafu iko wazi, miguu yanyooka. Gari iliyoshinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, utakosaje kukaa vizuri ndani yake?

Twiga wa Shela:
Ami, nimesema ni gari la baba. Sitafuti jingine.

Mlinzi wa Mabati:
Na mimi nakuomba, usitoboe kitu. Gari la 1968 likishatobolewa sakafu halirudi kuwa lile. Nimeona Kobe nzuri Watamu imekatwakatwa mpaka haijulikani. Vua viatu, ondoa sponji ya kiti, vumilia.

Bint Maweni:
Avumilie mpaka lini? Gari ni la kuendeshwa au la kutazamwa? Baba yake hakumwachia sanamu.

Mlinzi wa Mabati:
Dada, nimelitunza langu miaka kumi na tisa. Najua nisemalo.

Bint Maweni:
Nami nimelitunza goti la mume miaka kumi na mbili.

Kijana wa Gede:
Kuvua viatu hapana. Mguu mtupu wateleza kwenye pedali, hasa ukitoka baharini. Vaa raba yenye soli nyembamba.

Msafiri wa Sabaki:
Nilikuwa nasoma tu, lakini nalazimika kuandika, maana naona ndugu yangu Twiga anaelekea nilikopita.

Mimi nami ni mrefu, na nilikuwa na Beetle. Reli za kiti chake zina ulimi mdogo wa chuma unaokizuia kiti kisitoke kwa nyuma. Nilikwenda kwa fundi mmoja, nikamwambia aukate ili kiti kirudi nyuma zaidi. Akaukata, dakika tano. Wiki tatu nilikuwa mfalme. Miguu imenyooka, mkono wapita juu ya goti bila kugusa.

Jumamosi moja twaenda harusini Mambrui. Mbele yuko shemeji yangu, nyuma mama, dada yangu na mtoto wake amempakata. Tumevuka daraja la Sabaki, barabara yaanza kupanda. Nikakanyaga klachi niingize gia ya pili. Sasa fahamuni, ukikanyaga klachi kwa nguvu unajisukuma mwenyewe nyuma. Kiti kikatoka kwenye reli. Chote. Nikaanguka chali kichwa kikaja magotini kwa mama, mikono imeachia usukani, miguu iko hewani, naiona dari tu.

Gari likasita, kisha likaanza kurudi nyuma kuelekea darajani. Nyuma yetu lori la chumvi. Nasikia honi, nasikia dada yangu akipiga shahada, nami najitahidi kuinuka niifikie breki, siifikii. Shemeji aliivuta hendibreki, iko katikati ya viti viwili vya mbele, akaivuta kwa mikono miwili. Tukasimama. Lori nalo lilisimama, baina yetu na lile lori mtu asingeweza kupita na baiskeli.

Na haikuishia hapo. Gari lile lina milango miwili tu. Walio nyuma hawatoki mpaka kiti cha mbele kiinuliwe, na kiti changu kimeshakwama juu ya miguu ya mama. Utingo wa lori na shemeji walikinyanyua. Mama alitoka, akatazama kule mtoni, akaniambia neno moja: "Ungetuzika." Mambrui alikwenda kwa tuktuk. Leo ni mwaka wa sita, hajapanda tena gari ninaloendesha mimi.

Bint Maweni:
Subhanallah. Mtoto alipona?

Msafiri wa Sabaki:
Alipona. Ndiye aliyekuwa akicheka peke yake.

Kijana wa Gede:
Na utingo mlimpa nini?

Mpenda 404:
Ndiyo maana nasema 404.

Mwana wa Mokowe:
Yakhe, acha 404 yako leo. Nimesoma huku mkono u kifuani.

Fundi wa Barani:
Poleni sana. Niseme kazi ninayoijua. Kiti kurudi nyuma hukati ulimi wa reli. Unatengeneza bapa la chuma la kuisogeza reli nzima nyuma, na ule ulimi unabaki kazini. Bolti zipite mpaka chini ya sakafu, kule chini ziwekewe bamba pana, si pete ndogo ya bolti (washa) ya shilingi tano. Kiti ndicho kinachomshika dereva gari likigonga.

Lakini kabla ya hayo yote, inua zulia. Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula bati kimyakimya. Kobe nyingi ninazoletewa sakafu ya nyuma, pale penye betri, waweza kupitisha bisibisi kwa mkono. Ukifunga kiti juu ya bati kama hilo umekifunga juu ya karatasi. Betri yenyewe iko chini ya kiti cha nyuma. Hakikisha ina kifuniko, maana mtu mzito akikaa, springi zikagusa vichwa vya betri, moto unawaka.

Usukani mdogo unasaidia goti. Toa wa sentimita 40, weka wa 35. Kobe injini iko nyuma, mbele ni jepesi, hautakuwa mzito kukupa taabu. Land Rover sikushauri, utavunjika mabega.

Mlinzi wa Mabati:
Fundi, ule usukani wa asili autie wapi?

Fundi wa Barani:
Auzungushie kanga, auweke kabatini. Siku akitaka unarudi, ni nati moja tu.

Mlinzi wa Mabati:
Hilo nalikubali. Na bapa lako lifungwe kwa bolti, lisichomelewe.

Mama wa Ngomeni:
Mmenikumbusha Wataliano wa kule San Marco, kituo chao cha kurushia roketi, enzi hizo. Mmoja alikuwa mrefu kama mnazi, na gari lake Fiat 500, lile dogo lenye paa la turubai. Alilikunja paa, kichwa chote nje, akipita sisi watoto twamkimbilia. Mvua ikinyesha alisimama chini ya mkwaju akangoja ikate.

Twiga wa Shela:
Msafiri, nimemsomea mama yangu maneno yako yote, ameniambia nikupe salamu. Nimeinua zulia sasa hivi kwa tochi ya simu. Upande wa dereva bati zima, lalia likigongwa. Nyuma penye betri kidole kimepita, na kifuniko cha betri hakipo kabisa. Sijui baba aliliendeshaje hivi. Fundi, kesho baada ya alasiri nakuletea. Mwenye kifuniko cha betri cha Beetle, hata chakavu, aniandikie.